Aliyekatikiwa Umeme Haguswi

Siku yangu ya kwanza kwenye seva niliuawa mpaka nikazoea. Mmoja alinipiga mshale wa shingo nikiwa nakunywa maji mtoni. Mwingine alinipasua kichwa na jiwe, na nilipozaliwa upya, uchi, mkononi sina kitu, nikamkuta bado amesimama pale pale na jiwe lake lina damu. Aliliinua. Akaniangalia. Akalishusha, akaandika: "Pita dada. Mtoto mchanga hauawi."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyojifunza, na hakuna mahali imeandikwa.

Tulikuwa tunachezea kwa duka la binamu yangu, Busia ya Uganda, mtoto wa shangazi yangu ambaye mimi namwita kaka. Nilikuwa nimemaliza Senior Four huko Tororo na nikaja kukaa kwao nikingoja matokeo. Duka ni la kutoa fotokopi na kupiga pasipoti saizi, lakini kompyuta nne za nyuma zilikuwa za gemu. Upande wa Kenya kulikuwa na duka kama letu, na vijana wao na sisi tulikutana kwenye seva moja. Dunia ile ni msitu, mto na mawe. Unakata miti, unajenga ngome, unatengeneza silaha, unaua au unauawa. Ukiuawa, kila kitu ulichobeba kinabaki kwa maiti yako na yeyote anaweza kuchukua. Na hii ndiyo muhimu: kompyuta yako ikizima ghafla, mwili wako haupotei. Unabaki umesimama huko msituni kama mlingoti, macho wazi, mtu yeyote anaweza kuja kukuchinja taratibu.

Watu wa mbali hawawezi kuelewa hiyo inamaanisha nini kwa watu wa hapa. Umeme wetu unaenda bila kuaga. Stima ya wale wa Kenya nayo inaenda, lakini si saa moja na yetu, kwa sababu ni nchi nyingine na laini nyingine. Kwa hiyo kila mara upande mmoja uko gizani na mwingine unaona. Kama tungekuwa tunauana hivyo, gemu ingekuwa imekufa siku nyingi.

Ndiyo watu wakajiwekea: umeme ukikatika, chukua simu, andika neno moja tu kwa grupu yetu ya simu, ya pande zote mbili, "Giza." Aliye karibu nawe anashusha silaha. Na si kushusha tu. Adui aliyekuwa anataka kukuua, huyo huyo ndiye anakulinda mpaka urudi, kwa sababu yeye ndiye alikuwa karibu. Mbwa mwitu wakija anapigana nao. Wageni wakija anapigana nao. Wageni tuliwaita wale wanaoingia kwenye seva yetu kutoka huko duniani, hatujui lugha yao na wao hawajui giza.

Mimi mwenyewe nililindwa. Umeme ulienda nikiwa nimezungukwa, nikaandika, nikakaa pale dukani nikila mahindi mchana mzima. Uliporudi nikakuta moto umewashwa mbele ya miguu yangu, mbwa mwitu wamelala kando na matumbo nje, na mtu wa shoka amekaa kwenye gogo. "Karibu tena," akaandika. "Sasa kimbia. Nahesabu kumi." Nikakimbia. Alinipata kwenye mto akanikata mgongo mara mbili nikafa. Sikukasirika hata kidogo.

Huyu mtu wa shoka alikuwa mkubwa wao. Kwa maisha ya kawaida ni mwendesha boda upande wa Kenya, kijana mpana, mpole. Nilikuwa nimemwona sokoni akibeba mtoto wake mabegani. Lakini shoka yake kwenye seva iliogopwa. Chuma yake ilitoka kwenye mlima ambao wengine tulifia tu njiani, na deraya ya vita aliyovaa alikuwa ameijenga kipande kwa kipande tangu kabla mimi sijajua seva ni nini.

Kaka alimchukia. Alikuwa anapigwa naye kila siku, na kaka si mtu wa kupigwa akanyamaza. Hapo lazima niseme habari ya mkono. Kaka alianguka na pikipiki barabara ya Tororo, mkono wa kulia ukavunjika juu ya kiwiko. Akaanzia hospitali ya Masafu, baadaye akawekwa chuma ndani. Daktari alimwambia mbele ya shangazi: huu mkono ukivunjika tena pale pale, mimi sitaunga, nitakata. Alikuwa bado na kovu jekundu kama mdudu amelala. Alishika mausi kwa mkono huo huo, taratibu, na shangazi alimkataza hata kubeba jerikani ya maji.

Jumamosi ile mita ilianza kulia asubuhi. Mita yetu ni ya tokeni. Yuniti zikikaribia kuisha inalia kama kifaranga, tii, tii, tii, inaudhi mpaka meno. Shangazi alipita na ndoo ya dagaa wa omena akasema, "We, ongeza yuniti kabla hujafungua hiyo michezo."

"Naongeza, Mama."

Hakuongeza. Nikamwambia, "Kaka, inalia."

"Iache ilie."

"Itazima uko katikati."

Akacheka. "Ikizima si nitaandika giza?"

Nilifikiri anatania.

Saa tisa hivi vita ikawaka kweli. Tuliwavamia kwenye daraja. Nilichoma mmoja mkuki wa tumbo, akanivuta nao tukaanguka pamoja majini, nikamaliza na kisu. Kaka alikuwa mbele, alikuwa kama mtu ameshikwa na pepo, anakata, anakanyaga, maji yote mekundu. Aliua watatu. Halafu mtu wa shoka akatokea kwenye majani. Pigo la kwanza liliondoa ngao ya kaka. La pili lilimpiga goti, akabaki anatambaa. Nilikuwa natazama skrini yake na yangu pamoja, niko mbali, siwezi kufika. Mtu wa shoka aliinua mikono yote miwili.

Mita ikanyamaza. Skrini zote zikawa nyeusi.

Kaka alikuwa ameshachukua simu. Aliandika haraka sana. "Giza."

Sisi dukani tulipiga kelele kwa raha. Mmoja wetu akaruka juu ya kiti. "Wuu! Sasa atamlinda! Baba mzima na shoka yake atamlinda!"

Mimi nilitoka nje. Kwa jirani redio ilikuwa inaimba. Friji ya soda inanguruma. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa ananyoa kichwa na mashine ya umeme.

Nikarudi ndani. "Kaka, ni sisi peke yetu."

"Giza ni giza," akasema, bila kuniangalia. Hakununua tokeni mara moja. Alikaa, akanyoosha miguu, akangoja. Ndiyo nikaelewa kwamba hakuwa anatania asubuhi.

Kwa grupu mmoja wao akaanza kutuma video ya skrini. Mtu wa shoka amesimama mbele ya mwili wa kaka. Mwanzo hakuna kitu. Halafu wageni watatu wanashuka kwenye mlima na bunduki. Anaandika kwa Kiingereza, ngoja, huyu hayupo, tafadhali. Wanafyatua. Risasi ya kwanza inamzungusha. Anaweza kukimbia, msitu uko pale nyuma, lakini anarudi mbele ya kaka, anaenda kwao akiwa wima, anampasua wa kwanza toka bega mpaka kifua. Mgeni wa pili, mtu wa shoka anamkata miguu na kumpiga akiwa chini, anampiga, anampiga. Wa tatu anakimbia. Mtu wa shoka anarudi akivuja damu njia nzima, anakaa miguuni kwa kaka, na hapo hapo anakufa. Damu imeisha.

Kaka alitazama video mpaka mwisho. Halafu akanunua tokeni kwa simu, akaingiza namba kwenye mita, taa zikawaka, akaingia kwenye seva. Akajikuta hajauawa, na maiti ya mlinzi wake iko miguuni.

"Usifanye hivyo," nikamwambia.

Akamvua. Kofia, deraya, viatu. Shoka akachukua mwisho, akaizungusha hewani tuione. Mmoja wa wenzetu waliokuwa wanashangilia akachukua kofia yake ya kichwa, ya kweli, akavaa, akaenda nyumbani bila kusema kwaheri.

Kwa grupu mtu akaweka picha. Ilipigwa barabarani kwetu kabla ya kaka kununua tokeni: kinyozi, friji, redio, taa zinawaka, na duka letu tu liko gizani. Chini akaandika: "Giza ya nani hii?"

Mtu wa shoka hakuandika matusi. Aliandika, "Nakuja."

"Funga duka," nikasema. "Twende Mwello kwa babu, sasa hivi, boda iko hapo."

"Nimkimbie nani? Gemu ni gemu."

"Kaka, mkono!"

"Nimesema siendi."

Walikuja sita, mtu wa shoka akiwa mmoja wao, kwa njia ya panya nyuma ya soko, jua bado kali. Hawakupiga hodi. Wa kwanza aliyeingia alibeba kibodi akaipiga ukutani, herufi zikaruka kama meno. Mwingine akaangusha skrini kwa teke. Kaka alimrushia stuli, ikampata mdomo, damu ikatoka, na hapo wakamwangukia wote. Nilisikia ngumi, unajua ile sauti, kama mtu anapiga unga wa muhogo kwenye gunia. Niliruka mgongoni kwa mmoja nikamng'ata sikio. Alinitupa kwenye mashine ya fotokopi. Shangazi aliingia na mwiko wa ugali akapiga mgongo wa kila mtu aliyemwona, hata kaka alimpiga.

"Mnaua mtoto wangu! Mkono wake! Ana chuma!"

"Mwacheni," akasema mtu wa shoka. Wenzake wakaachia. Alikuwa bado hajapiga hata mara moja. Akamwinua kaka kwa kola, na mkono mwingine akamshika pale pale, juu ya kiwiko cha kulia, kwenye kovu. Hakukaza. Alishika tu. Kaka akawa mweupe midomoni.

"Buda," akasema, "kama laini ya stima ilienda, mimi sina neno na wewe. Umenivua, umekosa adabu, lakini nitakuacha na huo ushamba wako. Hata mimi laini yangu hukatika. Lakini kama ni tokeni, na ulijua, basi uliniweka pale kama mbwa. Sema."

"Giza ni giza," kaka akasema.

"Mita ilikuwa inalia?"

Kaka akageuza uso pembeni.

Mtu wa shoka akanigeukia. "Dada. Wewe nilikulinda siku ile. Mita ilikuwa inalia?"

Shangazi alinitazama. Macho yake yalisema maneno yote: sema hapana, we mtoto, sema laini ilienda, nani atajua. Na ilikuwa rahisi, ni neno moja. Niliangalia vile vidole vyake juu ya kovu. Nikafikiria daktari. Nikafikiria pia kwamba nikidanganya hapa, kesho mtu akiandika giza nani atamwamini? Mimi nikiandika nani ataniamini? Sijui kama niliwaza vizuri. Nina hasira za haraka, na nilikuwa bado namwona akizungusha ile shoka hewani.

"Ilikuwa inalia," nikasema. "Tangu asubuhi. Nilimwambia, shangazi pia alimwambia."

Shangazi alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena.

Mtu wa shoka alivuta pumzi ndefu. Akaachia mkono. Akarudi nyuma hatua.

"Weka huo nyuma," akamwambia kaka.

"Nini?"

"Huo mkono wa chuma. Weka nyuma ya mgongo. Hauna kosa na mimi sitaki kuugusa. Uweke nyuma vizuri, ushike na mwingine."

Kaka aliweka. Alisimama pale na mikono yote miwili mgongoni kama mtoto wa shule mbele ya mwalimu, kidevu juu, analia kwa hasira. Mtu wa shoka akampiga. Kofi la kwanza lilimgeuza uso. La pili likapasua mdomo. Halafu ngumi ya tumbo, akajikunja; akangoja mpaka amesimama tena sawasawa, akaangalia mkono kama bado uko nyuma, akampiga nyingine ya mbavu za kushoto. Mbali na mkono. Kila mara aliangalia kwanza. Shangazi alikuwa ameshika mwiko na hakuupandisha. Kaka akaanguka magoti, damu ikadondoka kwenye sakafu juu ya herufi za kibodi.

"Imetosha," mtu wa shoka akasema. "Shoka yangu kaa nayo. Lakini kuanzia leo ukiandika giza, mimi nakata." Akamgeukia shangazi, akainamisha kichwa kidogo. "Mama, tusamehe kwa vitu tumevunja." Wakaenda njia waliyokuja.

Shangazi alikimbia kutafuta maji ya chumvi. Hakunigusa wala hakuniita. Mimi nilipiga magoti mbele ya kaka. Jicho moja lilikuwa linafunga, na mikono bado iko nyuma, imeshikana.

"Wameenda," nikamwambia. "Lete mbele."

Hakuleta. Ikabidi nizunguke nyuma yake, nifungue vidole kimoja kimoja, niulete mkono taratibu mpaka kwenye mapaja yake. Nikapapasa kovu. Nikapapasa mfupa chini yake, wote, mpaka kwenye kiwiko.

"Sogeza vidole."

"Usiniongeleshe," akasema. "Usiniongeleshe tena maisha yako yote."

"Sawa. Sogeza."

Akasogeza. Kidole gumba, cha shahada, vyote. Vyote vilikuwa vinafanya kazi.