Mafiga ya Wifi Yangu

Mdogo wangu alipooa ng'ambo ya ziwa, nilikuwa wa kwanza kupewa habari na wa mwisho kufurahi. Alinipigia simu kutoka Kasanga, anakonunua samaki aina ya migebuka wa kuja kuuza mjini, akasema anakuja na mke. Nikamuuliza mke wa wapi. Akasema wa Moba, Kongo. Nikamuuliza mabinti wa Ufipa nzima wamemkosea nini. Akacheka na kukata simu, ndiyo kawaida yake akijua hana jibu.

Niseme mapema basi, msomaji asije akadhani nilikuwa mwema tangu mwanzo: mimi ni wifi, na wifi ana kazi yake katika ukoo. Kazi hiyo niliifanya kwa bidii. Nilimkagua kuanzia kilemba hadi kandambili siku aliposhuka pale Kasense, kwa mama yetu, akiwa amevaa kitenge cha maua makubwa na tabasamu la mtu aliyeambiwa kwamba mama mkwe ni mkali. Aliambiwa kweli.

Mama ni mjane. Analima mahindi, maharage na ulezi katika shamba aliloachiwa na baba, na hakuna anayemwambia kitu juu ya shamba hilo. Mimi nina cherehani yangu mjini Sumbawanga. Jumamosi mchana nafunga, naenda kumwona, nasikiliza malalamiko ya wiki nzima.

Nyumbani kwetu mke wa mtoto hapewi jiko siku anapofika. Anapika jikoni kwa mama mkwe, kwa chungu cha mama mkwe, hadi mama mkwe atakapoona ameiva. Siku hiyo anawekewa mafiga yake matatu, anapewa kijinga cha moto kutoka jiko kubwa, na anaonyeshwa kipande chake cha shamba. Kabla ya hapo ni mgeni, hata kama padri amekwishawafungisha ndoa. Mabinti wa siku hizi hawangoji mambo hayo. Wananunua jiko la gesi mjini na habari inaishia hapo.

Wifi yangu hakutaka gesi. Alitaka mafiga. Aliniambia hivyo mapema sana, tukichambua maharage barazani. Vita vilipofika kwao alikuwa mtoto, wakahama na kuhama tena, na kila walipofika mama yake alikuwa anaomba nafasi kwenye moto wa mtu mwingine.

"Nimepikiaka kwa watu tangu mutoto," alisema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo. "Wifi, miye nataka moto wangu."

Maneno yale yaliniingia, ingawa sikumwonyesha. Nilimwambia amwangalie mama, afuate anachofanya, afunge mdomo. Ushauri wa wifi.

Jambo la kwanza alilolifanya kwetu lilitushangaza wote. Alitaka kupelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa akajitambulishe. Mdogo wangu akasema hakuna haja, wewe ni mke wangu, nani atakuuliza? Yeye akajibu kwamba sheria ndiyo itamuuliza, na siku itakapouliza mumewe anaweza kuwa Kasanga. Akavaa, akaenda. Halafu akaanza kumsumbua mumewe juu ya kibali cha ukaazi. Alimsumbua akila, alimsumbua akifunga viatu. Mdogo wangu ana ugonjwa wa kesho, hata kadi ya mpiga kura aliifuata kwa kusukumwa. Walikwenda Uhamiaji, wakarudishwa kuleta picha, wakaenda tena, wakaambiwa wasubiri, hadi kibali kikapatikana. Wifi yangu alikifunga kwenye nailoni na kukiweka chini ya godoro, upande anaolalia yeye.

Katika hilo sikuwa na ubishi naye, wala sina hadi leo. Ukihamia nchi ya watu, sheria yao ni yako, uipende usiipende. Huwezi kukaa uani kwa mtu halafu ukaruka ua kila ukitoka. Hata mama alikubali. "Huyu ana adabu ya serikali," alisema. Kisha akaongeza kwamba adabu ya jikoni bado.

Hapo ndipo kesi ilipokuwa. Wifi yangu alitia mawese kwenye maharage, na mama akasema nyumba inanuka Kongo. Alipika ugali wa muhogo laini, akauita bukari, na mama akaugusa kwa kidole kimoja akaomba wa ulezi. Alisalimia wazee akiwa amesimama na kupeana mkono, wakati kwetu mwanamke hupiga magoti na kupiga makofi polepole. Hilo alilijifunza upesi, akawa anapiga magoti hata kwa watu aliowazidi umri. Na alikuwa anaimba. Alifagia akiimba, alitwanga akiimba, alizungumza na kuku kwa Kitabwa, lugha ya kwao, na akiwa na hasira alinung'unika kwa lugha hiyohiyo akigeukia ukutani. Mama alikuwa anaendelea kupepeta, macho yake kwenye ungo.

"Mwache aimbe," nilimwambia mama Jumamosi moja. "Mwacha mila ni mtumwa."

"Ukiingia nchi ya chongo, nawe fumba lako jicho," alinijibu. "Mimi sikufumba?"

Alikuwa amefumba kweli. Mama yangu si wa hapa. Baba alikwenda kutafuta kazi Zambia, upande wa Kasama, akarudi na msichana wa Kibemba amempakia kwenye baiskeli. Sisi watoto tulilijua hilo kama watu wanavyojua jina la babu wa babu, basi. Mama alizungumza nasi Kifipa safi, kanisani Kiswahili, na sikuwahi kumsikia akitamka hata neno moja la kwao, hata alipojikwaa. Majirani wenyewe walikuwa wamesahau. Alikuwa Mfipa kuliko Wafipa, na aliyelipa bei hiyo hakuona kwa nini mwingine apunguziwe.

Basi tukabishana, miezi na miezi. Mimi nikisema sheria ifuatwe lakini chungu kiachwe kichemke kinavyojua. Yeye akisema chungu ndicho nyumba. Na wifi yangu katikati, akipika kwa moto wa mtu.

Kiangazi kikaingia, upepo ule wa Ufipa unaopenya hadi kwenye sweta. Mama akaenda Matai kumuuguza dada wa baba, na kwa kuwa mdogo wangu alikuwa Kasanga, akamwachia wifi yangu nyumba na kuku. Wifi akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Alitaka mama arudi akute kazi imefanyika, kazi kubwa, isiyo na shaka. Hakuniuliza. Angeniuliza ningemzuia.

Nilipofika Jumamosi niliona moshi upande wa bondeni, kwenye shamba la mama. Nilikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Nilimkuta amesimama kando ya jivu, uso mweusi kwa masizi, anatabasamu.

Kwa asiyejua kilimo chetu: mvua zinapokaribia kwisha tunageuza nyasi na udongo wake, tunazifunika na kufanya vilima vya duara. Tunaviita ntumba. Juu tunapanda maharage, tunayavuna kiangazi kikianza. Ndani nyasi zinaoza taratibu kiangazi chote, na mvua zikirudi tunavibomoa na kusambaza ule udongo mweusi, tunapanda ulezi. Nyasi zile zilizooza ndizo mbolea yetu. Yeye alikuwa amevunja ntumba zote za upande ule, akazianika nyasi kwenye upepo, akazikusanya, na akazichoma hadi zikaisha. Majirani walimwona, na kila mmoja akadhani mama ameagiza.

"Kwetu tunalimaka hivi," aliniambia. "Tunachoma, halafu ulezi unatoka muzuri."

Nikamweleza. Sikupaza sauti, sijui kwa nini, maana ningeweza. Nilivyoendelea kueleza tabasamu likaondoka kidogokidogo, mwisho akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Mafiga siyapate tena," alisema.

Na mimi niliona hivyo. Nilimhurumia. Miezi yote ile ya magoti na ugali wa ulezi ilikuwa imeteketea mchana mmoja, na aliiteketeza kwa kujituma.

Mwenyekiti wa mtaa alifika kabla ya mama. Moshi ulikuwa umeonekana mbali, na kuchoma moto kiangazi bila ruhusa ni kosa. Alikuwa bado anatuuliza maswali pale mama aliposhuka kwenye bodaboda na mizigo yake ya Matai. Mama alimsalimia, akaangalia bondeni, akaangalia wifi yangu aliyekaa chini. Akaelewa bila kuambiwa.

"Shamba ni langu," alimwambia mwenyekiti. "Moto huo nimeagiza mimi."

Nilimtazama kwa mshangao. Mama hasemi uongo hata kwa mtoza ushuru. Lakini wifi yangu alikwisha kuinuka, akaja, akapiga magoti mbele ya mwenyekiti.

"Hapana, baba. Mama hakukuwa hapa. Ni miye njo niliwasha. Kama kuna faini, ni yangu."

Nilijua anawaza nini. Anawaza ile karatasi chini ya godoro. Lakini hakuyarudisha maneno yake. Mwenyekiti akakuna kichwa. Alisema moto haukuvuka kwa jirani, kwa hiyo safari hii ni onyo, na safari nyingine mtu aje kwanza ofisini, aambiwe siku ya kuchoma, na alime njia ya kuzuia moto. Sheria hiyo, alisema, haimuulizi mtu kabila wala alikotoka. Wifi yangu akashukuru kwa makofi, vizuri kabisa, kama aliyezaliwa Kasense. Mwenyekiti akaenda zake.

Tukabaki watatu. Mama aliweka mizigo chini, akavua viatu, akaingia kwenye majivu. Alitembea hadi katikati, akainama, akachota jivu mkononi na kulinusa. Alikaa ameinama muda mrefu kiasi kwamba niliogopa kiuno kimembana. Nikajiandaa kwa yatakayotoka, nikipanga maneno ya kumtetea mke wa mdogo wangu.

Alipoinuka alisema kitu ambacho sikukielewa.

Hakikuwa Kifipa. Wala Kiswahili. Wifi yangu aliinua uso kwa haraka, mdomo wazi. Mama akarudia, sasa akimwonyesha jivu, na sauti yake ilikuwa nyingine, nyepesi, ya mwanamke kijana nisiyemfahamu. Wifi akajibu neno moja, akiwa hana hakika. Mama akajibu mengi. Kibemba na Kitabwa ni ndugu wa karibu sana, nilikuja kuelezwa baadaye, mtu wa huku na wa kule wanasikilizana bila mkalimani. Mama alikuwa anamwelewa tangu siku ya kwanza. Nyimbo zote, sala zote, mazungumzo na kuku, na yale manung'uniko ya ukutani.

Wifi yangu alipogundua hilo la mwisho alijifunika uso kwa kitenge.

"Usijifiche," mama alimwambia kwa Kiswahili, ili na mimi nipate. "Uliwaambia kuku kwamba nakupimia chumvi utadhani ni dawa ya homa. Ni kweli."

Halafu akanigeukia. Alisema kwao, Kasama, wanachoma hivihivi, na ulezi unapenda jivu ukijua namna ya kuupanda. Alisema mwaka wake wa kwanza hapa alivunja ntumba za mama mkwe wake akazichoma, katika shamba hilihili, kwa furaha hiyohiyo. Bibi yetu hakumpiga. Alimwambia tu kwamba mambo ya kwao ayaache mpakani. Akayaacha. Alingoja mafiga hadi mimi nikaanza kutembea.

"Na lugha?" nilimuuliza. "Si ungetufundisha hata sisi?"

"Niliiweka chini," mama alisema. "Niliogopa nikiiokota sitaweza kuiweka tena."

Mama akamwonyesha wifi yangu mpaka wa lile jivu, kutoka mti hadi mfereji, kwa mkono wote. Kile ndicho kipande chake. Angemfundisha mwenyewe kupanda ulezi humo mvua zikija, na shamba lililobaki lingelimwa kwa ntumba, na wifi angejifunza kuzitengeneza, hilo halikuwa na mjadala. Kisha akaniagiza nikatafute mawe matatu yanayolingana, nisilete yale ya mfereji, yanapasuka kwenye moto.

Nilichagua mawe. Niliyabeba moja moja hadi uani, kazi ambayo wifi hufanyiwa na si kuifanya, na sikulalamika sana. Nilipofika na la tatu walikuwa wamekaa kwenye mkeka mmoja, wanacheka. Mama alikuwa anacheka hadi anafuta machozi kwa ncha ya khanga. Nikauliza wanacheka nini. Alijaribu kunieleza, akaanza mara mbili, akashindwa, akasema kwa Kiswahili haichekeshi.

Nilikaa nao hivyohivyo, mikono imechafuka. Nilimpenda wifi yangu jioni ile, nasema wazi, na nilimwonea wivu mbaya. Mimi nilizaliwa na yule mwanamke na nikakulia mgongoni kwake, na ilibidi mtu avuke ziwa ndipo nisikie mama yangu anavyozungumza.