Treni mbili zilizogoma kupishana kwenye kona, na siku ya kumtoa mzee

Wakuu, heshima kwenu.

Hii ni kweli, si chai, aliyekuja na sukari arudi nayo.

Nipo Izia, Sumbawanga. Form four nilimaliza kwa kuburuzwa, na ni mtu wa ndani kiasi kwamba mtaani wananiita mwali. Kilichokuwa kinanifungia ndani ni treni.

Treni za kuchezea, ndiyo. Cheka umalize, nakusubiri.

Mzee wangu alikuwa fundi wa njia kwenye reli ya Mpanda, ile nyembamba ya mita moja. Alipostaafu akarudi kwao Ufipa, ambako hata honi ya treni haifiki. Miguu ilipomgomea kabisa, nikaamua kumletea reli nyumbani. Waya wa fensi juu ya meza ya plaiwudi, mota za magari ya watoto, betri. Yeye akachonga behewa la abiria, refu kama mkono mpaka kwenye kiwiko, na madirisha yote.

Ombi lake lilikuwa moja: aone treni mbili zinapishana kwenye kona ya kuingia stesheni, kama zamani.

Chumba hakikutosha, nikaipitisha meza mpaka kwenye korido, pale inapokata kona kwenda sebuleni. Nikaipigilia misumari ukutani. Mzee akauliza watu watapitaje. Nikabeba gunia la mahindi begani, nikapita nalo. Nikajiona injinia.

Njia zenyewe nikaziachanisha kwa kujaribu na injini mbili fupi. Zikapishana safi, hata kwenye kona.

Jumapili baada ya misa nikamkalisha mzee kwenye kiti chake pale koridoni. Behewa lake likaingia kona kwa njia ya nje, tumbo likaikwaruza treni ya ndani, zote zikalala.

Akasema taratibu, "Fundi, behewa halipindi. Inayopinda ni reli. Kitu kirefu kikifika kwenye kona, tumbo linaingia ndani, pembe zinatoka nje. Funga kalamu tumboni na kwenye pembe, lisukume, uone litachora wapi."

Nikamjibu, "Mzee, nimepima."

Ukweli nilinuna. Mtu mzima na ndevu zangu, nimenuna kwa ajili ya treni. Nikakaa siku tisa bila kuigusa ile meza. Kila asubuhi nampa shikamoo, anaitikia, halafu anaangalia koridoni.

Siku ya kumi hakuitikia.

Jeneza lilipoletwa likiwa tupu, walilisimamisha wima, likaipita kona. Lakini likishakuwa na mtu huwezi kulisimamisha.

Wakati wa kumtoa, mbele imeshatokeza sebuleni, nyuma imebana ukutani, tumbo limegota kwenye meza yangu. Sogeza, rudisha, wapi.

Mtani wetu mmoja aliyekuwa ameshika mbele akasema, uso mkavu kabisa, "Muacheni. Mzee yuko stesheni, anamsubiri mwali apime."

Watu wakacheka, mpaka kina mama waliokuwa wanalia. Na mimi nilicheka wakuu, huku nimeshika nyundo. Meza niliing'oa mwenyewe, reli na kila kitu.

Baba akapita.

Matanga yalipoisha nikaijenga upya, fupi zaidi, chumbani tu. Nikafunga kalamu kama alivyosema, nikasukuma. Mistari ya njia mbili ikaingiliana upana wa kidole kimoja.

Kidole. Kazi ya saa moja, na nilikuwa na siku tisa.

Nikaziachanisha zaidi, sasa zinapishana. Nimezipishanisha mara nyingi kuliko inavyohitajika. Kiti chake sijakitoa koridoni, ila pale kwenye kona siku hizi ni peupe, hata kitanda kinapita.

Nilichoondoka nacho: usipime kona kwa kitu kifupi, kitakupa jibu unalolitaka wewe. Chukua kirefu kuliko vyote ulivyonavyo, kisukume polepole. Na mzee akikukosoa, nuna, ila nuna huku unafanya kazi.

Mwenye reli kama yangu aniambie kwenye kona anaachia nafasi kiasi gani. Na wa kunitania nao waje, sitoki, mwali nipo ndani.