Saa Tatu za Bi Klachi

Wifi yangu haombi ruhusa. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanikatiza katikati ya habari na kuniuliza, "Kwani hakuwauliza wenzake?" Hakuuliza. Gari lilikuwa lake na marehemu kaka yangu, walilinunua pamoja wangali vijana, na kaka alipotutoka likabaki mikononi mwake. Hakuna aliyebisha. Lakini wapo watu wasiobisha. Wao hukaa tu wakikutazama, wakisubiri uchoke.

Mmoja wao ni mdogo wangu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Mwenyekiti. Hajawahi kuchaguliwa na mtu. Ila pakiwa na viti viwili na watu watatu, yeye ataketi na kufungua kikao.

Wifi mwenyewe mtaani anaitwa Bi Klachi. Anafundisha watu kuendesha gari, na ukipita karibu na uwanja wa shule siku za mapumziko utamsikia kabla hujamwona: "Klachi! Klachi, mama, si honi!" Wanafunzi wake wengi ni wanawake ambao mtu fulani, siku fulani, aliwaambia hawawezi. Muuguzi wa jirani, mwenye duka la vitambaa, mke wa mwalimu mkuu, wote wamepitia mikononi mwake. Yeye alifundishwa na kaka, na gia ya kurudi nyuma nusura iivunje ndoa yao. Alipojua, alijua kweli. Kaka alikuwa akisema kwamba alitafuta mke akapata trafiki.

Gari ni la zamani, rangi ya krimu, boneti ndefu, na dashibodi yake ni ya mbao. Mbao ya kweli, si plastiki iliyochorwa mistari. Kaka alikuwa akiipaka nta na kuisugua kwa kitambaa laini mpaka unaona meno yako. Kwenye mbao hiyo palikuwa na mita ya mwendo, mita ya mafuta, na taa moja nyekundu, ndogo kama punje ya hindi, ya kukuonya injini ikipata joto. Basi. Waliolitengeneza waliona hiyo inatosha.

Haikutosha. Mwanafunzi wa udereva huing'ang'ania gia ya kwanza kama mtoto anavyong'ang'ania nguo ya mama yake sokoni. Injini inanguruma, gari linatambaa, joto linapanda. Siku moja muuguzi alikuwa akipandisha kilima cha nyuma ya tangi la maji. Taa nyekundu ilikaa kimya, maana balbu yake ilikuwa imeungua na hakuna aliyejua, na gari likachemsha. Mvuke ulifuka mpaka muuguzi akatoka mbio na kiatu kimoja mguuni. Rejeta ilipona, injini nayo ikapona. Ubaya ni kwamba Mwenyekiti alipata habari.

Akaja na kikao chake. Tuliketi sebuleni kwa wifi, mimi kwenye kochi lenye springi iliyochoka, yeye kwenye kiti cha kaka, bila kukaribishwa. Akaanza kumpaka wifi mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Shemeji, umefanya kazi kubwa, hakuna asiyejua. Lakini gari limechoka, na wewe, nisamehe, umri haurudi nyuma. Nimepata mtu. Anakusanya magari ya zamani, anayaweka kwenye jumba la vioo, yanafutwa vumbi kila siku. Hili la kaka litatunzwa kuliko tunavyotunzwa sisi. Yeye anataka kitu kimoja tu, liwe orijino. Dashibodi ile, kasema, isiguswe hata na msumari."

"Na mimi nitafundishia nini?" wifi akauliza.

"Utapumzika."

"Nilikwambia nimechoka?"

"Tunakuonea huruma tu, shemeji."

"Huruma yenu ina miguu? Kama inayo, mlango ule pale."

Mwenyekiti akacheka kile kicheko chake cha kutosikia, akaaga, akasema atapiga simu kupanga siku ya mnunuzi kuja. Mimi sikujua nisimame upande gani. Ile ilikuwa mbao ya kaka yangu. Kufikiria kwamba itakaa mahali iking'aa, pasipo mtu wa kuipiga teke kwa kiatu chenye matope, kulinipendeza kidogo.

Kesho yake wifi akanichukua hadi kwa Fundi Kimya, fundi wa umeme wa magari. Jina hilo alipewa na watu wa utani, kwa sababu mdomo wake haufungi hata akiwa ameuma bisibisi. Gereji yake ni banda la mabati, nyaya za kila rangi zimening'inia ukutani, na ndoo za oili zilizopinduliwa ndizo viti vya wageni.

"Nataka saa tatu," wifi akamwambia kabla hata hajazima injini.

"Saa tatu ya leo imeshapita, mwalimu. Njoo kesho."

"Saa, fundi! Za kwenye dashibodi!"

Hapa inabidi nieleze. Wengine huziita geji, wengine mita. Nyumbani kwa kaka ziliitwa saa, kwa kuwa zina uso wa duara na mshale, na wifi hajapata kulibadilisha neno hilo. Alitaka moja ya joto la maji, moja ya presha ya oili na moja ya chaji ya betri. Alitaka kuona joto likiwa bado njiani linakuja, si kuambiwa limeshafika.

"Rahisi," Fundi Kimya akasema. "Natengeneza kibao cha chuma, nakining'iniza chini ya dashibodi. Mbao haiguswi. Siku ukitaka kuuza, unafungua skrubu mbili, gari linarudi kama lilivyozaliwa."

"Chini wapi? Kwenye magoti?" Wifi akaingia kwenye kiti cha mwalimu kumwonyesha. "Nikitaka kusoma saa niiname, huku mwanafunzi kamlenga mtu wa baiskeli? Ziweke hapa." Akagonga mbao katikati, kulia kwake palipokuwa pamekaa wazi tangu gari lilipotoka kiwandani. "Hapa naziona mimi, na mwenye usukani anaziona."

"Hapo itabidi nitoboe."

"Toboa."

Fundi Kimya akanyamaza. Mafundi wa banda la jirani waligeuka kutazama kumetokea nini.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "tundu halizibiki likasahaulika. Fikiria vizuri."

"Nimefikiria. Kitu cha skrubu mbili, nikigeuza kisogo tu, shemeji yangu atakifungua. Tundu atalifunguaje?"

Hapo mimi nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia wifi kwamba mbao ile ndiyo kitu pekee kilichobaki chenye mkono wa kaka, kwamba hana haki ya kuichezea, na mengine ambayo sikumbuki, kwa sababu niliangua kilio nikiwa juu ya ndoo ya oili, mbele za watu. Niliumia. Sioni aibu kusema.

Wifi hakunibembeleza. Alikuja akaketi kwenye ndoo ya pili.

"Kaka yako alizitaka saa hizi kabla hajaota hata mvi moja," akasema. "Alikuwa akiitukana taa ile. Eti inakuamsha nyumba ikiwa imeshakuwa majivu. Akashika drili, akaitazama mbao, akairudisha drili kabatini. Siku nyingine tena hivyo hivyo. Alikuwa mwepesi wa nta, wifi yangu, lakini kwa drili alikuwa mwoga. Nilimpenda na woga wake. Ila sitaurithi."

Nikafuta machozi. Sikuwa nimekubali bado.

Fundi akaleta saa zake. Za kwanza zilikuwa na uso mweusi na mwanga wa buluu unaochoma macho. Wifi akazisukuma pembeni. "Hii ni dashibodi, fundi, si ukumbi wa dansi." Walipekua maboksi mpaka wakapata tatu zenye uso wa krimu na pete nyembamba za kung'aa, karibu ndugu wa mita ya mwendo, na taa zake zikabadilishwa kuwa za njano kama zilizokuwamo. Kutoboa atatoboa, lakini hakutaka mtu akiingia garini aone kiraka.

Wakakata miduara mitatu ya karatasi na kuibandika kwenye mbao. Wifi akakaa kiti cha mwalimu, mimi nikaamriwa kukaa kwenye usukani, ili wajue kama macho ya wote wawili yanafika. Miduara ikasogezwa juu, ikashushwa, ikasogezwa tena.

"Mbona hujawahi kukaa hapo?" wifi akaniuliza.

"Mimi? Kwa umri huu? Mwenyekiti alishasema mimi na usukani ni maji na mafuta."

"Aa, kumbe ulipiga kura," akasema.

Fundi akabandika utepe wa karatasi kwenye mbao isije ikachanika, akafunga kwenye drili ule msumeno wa duara wa kukatia matundu, akamwangalia wifi mara ya mwisho. Wifi akamnyang'anya drili. Akalikata tundu la kwanza mwenyewe, polepole, akiwa ameuma mdomo, huku vumbi la mbao likimdondokea magotini. Kisahani cha mbao kikamwangukia kiganjani, kikiwa na nta ya kaka upande mmoja. Akakipuliza na kukitia kwenye pochi. Akakata la pili, kisha la tatu.

Simu ikalia vumbi lingali hewani. Alikuwa Mwenyekiti, na sauti yake husikika hata usipoiweka kwenye spika.

"Shemeji, mnunuzi ana haraka. Anakuja Jumamosi. Nipe neno moja tu nimwambie."

Wifi akayatazama yale matundu. "Mwambie saa tatu."

"Ya asubuhi?"

"Asubuhi, mchana na usiku."

"Shemeji kwa utani!" Mwenyekiti akacheka. "Haya, saa tatu asubuhi."

Fundi Kimya alilazimika kutoka nje ya banda, mkono mdomoni. Aliporudi alimaliza kazi yake vizuri. Kwenye injini akafunga kiungo chenye midomo miwili, mmoja wa taa na mmoja wa saa, hivyo ile taa nyekundu ikabaki na balbu mpya na saa ya joto ikapata mahali pake. Akapitisha nyaya nyuma ya mbao, kila moja na fyuzi yake. Tulipowasha gari, mishale mitatu ikaamka. Nilitaka kuendelea kukasirika. Nilishindwa, maana zilikaa pale kana kwamba mbao ilikuwa imeziachia nafasi miaka yote.

Jumamosi wakaja. Mnunuzi alikuwa mtu mpole, mwenye viatu visivyojua vumbi, na alilizunguka gari akiligusa kwa ncha za vidole. Alisifu boneti, akasifu milango. Mwenyekiti alimfuata nyuma akisifu baada yake. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye usukani, kibao cha mwanafunzi kimefungwa nyuma ya gari. Wifi ndiye aliyeniweka pale. Alinifundisha mfululizo tangu siku ile ya gereji, na alinifokea kuliko alivyowahi kumfokea yeyote.

Mnunuzi akainama dirishani. Uso ukamshuka.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," wifi akajibu kutoka kiti cha pili.

"Mama, mbao kama hii haitengenezwi tena mahali popote. Umeliua gari."

"Lililokufa haliwaki. Wifi, washa."

Nikawasha. Mishale ikapanda. Mwenyekiti akasukuma kichwa dirishani, macho yamemtoka pima.

"Shemeji! Si ulisema saa tatu?"

"Nilisema. Zihesabu."

Nilimwona mdogo wangu akihesabu kweli, kwa kidole, moja baada ya nyingine, mpaka maana ikamwingia. Akaanza kusema mambo ya heshima, ya jina la kaka, ya kikao kilichokubaliana. Wifi akafungua pochi, akatoa vile visahani vitatu vya mbao, akampitishia mnunuzi mbele ya pua yangu.

"Ulitaka orijino," akamwambia. "Hizi hapa. Hazijaguswa hata na msumari. Kaziweke kwenye kioo, na huyu azifute vumbi."

Mnunuzi akabaki nazo kiganjani. Niliona anataka kukasirika na anataka kucheka, na sijui alimalizia lipi, kwa sababu wifi alinipiga bega. Nikaachia klachi. Gari likaruka, likazima. Mwenyekiti akaguna. Mguno ule ulinipanda kichwani. Nikawasha tena, nikaachia polepole kama nilivyofundishwa, tukaondoka huku yeye akiruka pembeni kuokoa miguu yake.

Wifi akaelekeza kidole kilima cha nyuma ya tangi la maji. Kile kile. Nikaanza kupanda na gia ya kwanza, injini ikinguruma, na macho yangu yakaganda kwenye saa ya joto. Mshale ulikuwa ukisogea. Nikaona mvuke kabla haujatoka, nikaona Mwenyekiti akishinda, nikamwona kaka akirudisha drili kabatini.

"Wifi," Bi Klachi akasema, mkono wake kwenye breki ya mkono, wala hakunifokea. "Saa ni zangu, nitazitazama mimi. Wewe tazama njia."

Nikainua macho. Nikakanyaga klachi, nikaingiza gia ya pili.