Mgomo Wetu Ulivyosimuliwa Saluni, Hamriya

Niliondoka Mombasa kwa sababu hakikubaki kitu cha kugomewa. Wanafunzi wa chuo kikuu walianza, walimu wakafuata, kisha makuli wa bandarini, baba yangu akiwemo. Shule yetu ya wasichana ikafungwa kabla sisi wa kidato cha tatu hatujatoa madai yetu. Mimi nilikuwa nataka mandazi yaongezwe ukubwa.

Lakini sababu yenyewe ni kaka yangu Wafula. Chuo chake Nairobi kilipofungwa, kila mwanafunzi aliamriwa arudi kwao akaripoti kwa chifu. Wiki tatu zikapita, Wafula hakutokea Mombasa. Baba alizunguka vituo vya polisi, akazunguka na mochari. Mama alikuwa kazini Maskati, hajui lolote.

"Habari hii haisemwi kwa simu," Baba aliniambia. "Tiketi ya likizo aliyokutumia Mama unayo; kamwambie ana kwa ana. Na usilete mzaha wako."

Kunituma mimi! Ni kama kumpa mbuzi alinde mchicha.

Uwanja wa ndege wa Seeb, Maskati, asubuhi. Mlango wa ndege ulipofunguliwa nilidhani tumeegeshwa mbele ya tanuri la mikate. Mama alinikumbatia, kisha akachungulia nyuma yangu. "Wafula ameshindwa hata kunitumia salamu?"

Nikaanza kumwiga mhudumu wa ndege. Akacheka. Nikaona nimejipatia nafasi ya kupumua.

Njiani kwenda Hamriya, mtaa anaokaa Mama, nilikodoa macho. Hakuna jiwe barabarani, hakuna hata karatasi. Nguo zangu bado zilinuka matairi ya kuchomwa. Huku maduka yalinuka ubani.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya kanisani. Tulipotoka tulikwenda moja kwa moja kwenye saluni ambako Mama ameajiriwa kusuka. Ni ya wanawake pekee, mlango una pazia zito. Mwenye saluni, Bi Zuwena, Mwomani mzaliwa wa Unguja, alikuwa amekuja na gari lake kutoka Qurum, mtaa wa wenye nazo, amekaa anapakwa hina kichwani.

"Mgomo gani?" Chebet wa Kericho, msusi mwenzake Mama, alikuwa akibisha. "Kwetu ni wachuma chai tu waliokaa chini. Mwanafunzi hatujamwona hata mmoja."

"Mtawaonaje na wote tumemwagiwa sisi?" akajibu Nafula wa Bungoma, naye msusi. "Basi zima zima! Nyinyi kunyweni chai yenu."

Nikaingilia kwamba waliogoma kweli ni Mombasa, nikawaonyesha muuza duka wa mtaani kwetu alivyokimbia mabomu ya machozi na mzani kichwani. Chebet alicheka hadi akaangusha kitana. Bi Zuwena hakucheka.

"Duka lake likawaje, mwanangu?"

"Lilivunjwa, Bibi."

"Na yeye mwenyewe?"

Nilikuwa sijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mie nnajua mtu wa duka anavyokimbia," alisema. "Babaangu alilifunga lake Unguja siku ya Mapinduzi, hakulifungua tena. Sisemi kwamba hamna haki, mnayo. Lakini nikisikia wanafunzi na makuli wameshikana mikono, naangalia sanduku langu. Liko chini ya kitanda, limepangwa, mpaka leo."

Nyumba Qurum, gari mlangoni, na mawe ya Mombasa yanamnyima usingizi!

Mama akauliza, vidole bado nyweleni mwa mteja, "Na Wafula naye alikuwa kundi gani?"

Nilitafuta mzaha, nikakosa. "Mama, Wafula hajaonekana. Wiki tatu sasa. Baba amenituma nikwambie."

Alichomoa vidole nyweleni, akanigeukia. "Umekaa nalo tangu jana, ukinichekesha?"

Halafu Nafula akasema, "Ngoja kwanza, Mama Wafula. Kitambulisho chake kinasema kwao wapi?"

"Bungoma, kwa babu yake. Lakini amefika mara moja tu, siku ya kumzika huyo babu."

"Juzi nilipiga simu nyumbani, wakanichekesha. Kuna mwanafunzi wa pwani analala kwa chifu, hana anayemjua. Hajui Kibukusu hata cha kuombea maji. Na jioni anatembea amevaa leso!"

"Si leso," Mama alisema. "Ni kikoi."

Bila shaka askari wa Nairobi walikuwa wamesoma kitambulisho, wakampandisha basi la Bungoma. Kumbe Baba alikuwa akimsaka pwani yote.

Bi Zuwena, hina ikimchuruzika shingoni, akasukuma simu. "Piga. Saa usiitazame."

Nafula alipiga duka la sokoni kwao, mwenye duka akatuma mtu amwite. Tulipopiga tena, sauti ilisema, "Haloo?" Mama akanishikisha simu, sikio lake likabaki karibu na langu.

"Wafula," nikasema, "ndiyo nini kuvaa sketi ugenini?"

Kaka yangu, aliyepanda juu ya meza kuhutubia chuo kizima, akalia. "Chifu ananikatisha majani ya ng'ombe," alisema mwishowe. "Meno mawili askari walining'oa kwa rungu. Mama asijue."

Mama alikuwa amesikia kila kitu.

Nilirudi Mombasa na kikoi kipya cha Wafula na halua ya Bi Zuwena. Nilikwenda nikidhani mgomo ni mmoja, wa nchi nzima. Nikakuta kila mtu anaujua ule uliofika mlangoni kwao tu. Yule muuza duka nimeshamuulizia mtaani. Hakuna anayejua alikokwenda.

Baba alikuwa akinisubiri uwanjani. Habari alishaipata kwa simu ya jirani, lakini hata sanduku hakunipokea.

"Sauti yake umeisikia wewe mwenyewe?"

"Nimeisikia, Baba."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Ni yeye."

Basi Baba, kuli anayebeba magunia mawili kwa mpigo, akaketi pale pale juu ya sanduku langu, likapasuka, na halua yote ikabaki kwenye suruali yake.