Mwaka Nilipofungua Mashamba

Kwetu Murungu, upande wa Kibondo, vyeo vya zamani havikufa vyote pamoja. Mwami, aliyetawala nchi enzi za bibi yangu, mimi nilimkuta kanisani tu, maana ndivyo tulivyomwita Mungu katika nyimbo za Kiha. Mtware, aliyekuwa mtu wa mwami huku vilimani, jina lake liliharibika wakoloni walipomtumia kukusanya kodi. Nikiwa mdogo, ukimwita mtu mtware umemtukana, unamwambia anapenda kuamrisha. Serikali ya uhuru ikaja, ikawafuta wote wawili. Mteko haikumfuta. Nadhani haikujua kama yupo.

Mteko hakuwa na kiti wala askari. Kazi yake ilikuwa ardhi. Mvua za kwanza zikikaribia, kila nyumba ilimpelekea kiganja cha mbegu, naye ndiye aliyepanda kwanza. Kabla yake hakuna aliyeshusha jembe. Baba yangu alikuwa mteko, kama babu. Vijana walimtania, "Mzee, siku hizi kuna bwana shamba!" Naye aliwajibu, "Basi mngojeeni." Walicheka, lakini mbegu walileta.

Baba alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mama akamfuata kabla ya mavuno. Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili kumuuguza mama, na sasa nilibaki na wadogo zangu watatu. Baba mdogo, aliyekuwa akiuza nguo Kasulu mjini, alituambia kwenye matanga kwamba uteko sasa ni wake, na shamba linakwenda na uteko. Sisi tutagawanywa: kitinda mimba aende Kabanga, wale wawili Kitanga kwa shangazi, na mimi niolewe. Mwenyekiti wa kijiji alisema neno hilo litaamuliwa barazani, baada ya kupanda.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, baba mdogo aliitwa aje afungue mashamba. Akajibu kwamba soko limechangamka, atakuja likipoa. Mvua ikanyesha bila kumsubiri. Watu walisimama milangoni wakitazama udongo ulivyolowa, na hakuna aliyetoka na jembe.

Jirani yetu, mama mmoja mjane, ndiye aliyekuja kwanza, kiganja amekifumba.

"Baba yako alikuwa anapokea," alisema. "Wewe hupokei?"

"Mama, mimi ni mtoto."

"Mtoto anayelisha watoto wenzake? Shika, mkono unaniuma."

Nilipokea maharage yake. Nyuma yake wakaja wengine, na kikapu kikajaa. Asubuhi nilitoka na wadogo zangu, nikachimba shimo la kwanza kama nilivyomwona baba akichimba. Maneno aliyokuwa akiyasema kabla ya kupanda sikuyasema, kwa sababu sikuyajua. Tulipofika katikati ya shamba nilinyoosha mgongo, nikaona ng'ambo ya bonde majembe yanapanda na kushuka. Kilima kizima kilikuwa kinalima. Nilipiga kelele ya furaha hadi mdogo wangu akashtuka.

Siku ya baraza baba mdogo alivaa koti. Alizungumza vizuri, mjini walimfundisha. Mwisho akasema, "Mteko msichana! Mmeona wapi?"

"Tumeona mwaka huu," jirani akajibu. "Na maharage yameota. Ya kwako yameota wapi, shemeji? Sokoni?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti aliwatuliza, akanigeukia mimi.

"Nani alikutuma upande, binti?"

"Hakuna. Hawa wangekula nini?" Nikawaonyesha wadogo zangu, waliokaa chini mbele yangu.

Akawauliza watu wote. "Mimi ni mtu wa serikali, cheo cha uteko sikigawi. Nataka kujua jambo moja tu. Mwaka huu mlipanda nyuma ya nani?"

Wakaninyooshea mikono, wazee kwa vijana, hata wale waliomtania baba.

"Bwana," mwenyekiti akamwambia baba mdogo, "ni wewe uliyesema shamba linakwenda na uteko. Basi limekwenda. Na watoto wanabaki shambani kwao."

Baba mdogo alivua koti, akalikunja, akaondoka bila kuaga. Vijana wakaanza kuniita, "Mteko! Mteko!" Kwanza ilikuwa utani, na nilicheka nao. Tulipokuwa tunateremka kwenda nyumbani walikuwa bado wanaita, na utani ulishawaishia.

Kitinda mimba alinivuta kanga. "Dada, kwa hiyo Kabanga siendi?"

"Huendi."

"Na hawa hawaendi Kitanga?"

"Hakuna anayekwenda popote."

Akaniachia, akakimbia mbele kutufungulia mlango.