Siku Niliyosafiri kwa Nauli ya Gunia

Mke wangu amenikataza kuisimulia habari hii kwa miaka mingi, na leo ameniruhusu mwenyewe, kwa hiyo kaeni vizuri mcheke mara moja yaishe, maana aibu niliyoipata juu ya lori la Biharamulo hata sasa nikiikumbuka niko peke yangu shambani najikuta nimeinamisha kichwa na jembe limesimama.

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima kule Rulenge, kijana, suruali imenyooshwa, mdomo mkali. Tulikuwa na basi moja tulilolizoea, bovu lakini basi, na vita vilipoanza likachukuliwa kwenda kubeba askari (hakuna aliyenung'unika, vita vilikuwa vyetu sote), mahali pake tukaletewa lori lenye mbao mbili ndefu, moja kila upande, abiria mnakaa mkitazamana na katikati yamepangwa magunia ya maharage na mikungu ya ndizi. Kondakta alikuwa yule yule wa basi, na nauli, msishangae, ile ile ya basi.

Hilo likanikera. Asubuhi ya safari nikasimama mbele ya lori na sauti yangu ya darasani. "Ndugu abiria, nauli ya kiti cha sponji tunailipaje kwa ubao?"

"Mwalimu, panda twende, jua linapanda," kondakta akanisihi.

Sikupanda. Nikatoa hoja ya ubao, nikatoa ya vumbi, nikatoa ya mvua, tukabishana mpaka dereva akazima injini akaenda kunywa uji, na mwisho kondakta akachoka akakubali kwamba anayekaa kwenye ubao atalipa robo tatu ya nauli ya basi, gunia litalipa nusu, na hakuna cha ndugu wala rafiki kupunguziwa (hilo la mwisho nililidai mimi mwenyewe, tena nikalirudia mara mbili ili wa nyuma wasikie). Wakanipigia makofi, nikapanda kifua mbele.

Nilikuwa nakwenda wilayani kufuata kibali cha sukari ya harusi, maana sukari siku hizo haikupatikana hivi hivi, na zilibaki wiki tatu tu nimwoe Anastazia, huyu huyu aliyeniruhusu leo. Mahari ilikuwa imekwisha kupokelewa. Kila kitu kilikuwa sawa.

Tukafika njia panda, lori likasimama, nikaona mkono wa mwanamke umeshika ubao wa nyuma, kisha kitenge, kisha uso. Mama yake Anastazia!

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni na hawatajani majina. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Ndani ya basi nisingepata taabu, ningekaa mbele yeye akakaa nyuma akatazama kisogo changu mpaka Biharamulo, lakini juu ya lori lile nafasi iliyobaki ilikuwa moja, na ilikuwa mkabala na magoti yangu. Ningeweza kushuka. Ila gari lingine lilikuwa la keshokutwa, na mimi nikajiona mwerevu, nikainua turubai lililofunika magunia nikajiingiza chini yake kabla mama hajageuka.

Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo tu.

Kondakta akaanza kukusanya nauli. Akainua pembe ya turubai, akanikuta nimelala kati ya magunia mawili. "Mwalimu, unaumwa?"

"Nyamaza," nikamnong'oneza. "Nihesabu gunia." Nikamtia mkononi nauli ya gunia, kwa sababu nilitaka aondoke upesi, na kwa sababu (mke wangu amesema niseme yote) ile robo iliyobaki niliipenda pia. Akacheka chini chini, akaandika tiketi.

Sasa, siku zile kila mahali palikuwa na kizuizi cha mgambo. Tukasimamishwa. Nikasikia viatu vikipanda, nikasikia, "Chini ya turubai kuna nini?" Kondakta akajibu, "Magunia." Turubai likafunuliwa, nami nikaonekana mbele ya watu wote, nina maharage kwenye nywele.

"Jasusi!" mgambo akapiga kelele. "Simama! Mikono juu!"

Nikasimama, lakini niliposimama nikajikuta nimeelekea alikokaa mama mkwe, kwa hiyo badala ya kuinua mikono nikajifunika uso. "Anaficha sura!" Nikageuka nimpe mgongo. "Anataka kukimbia!" Mtutu ukanigusa mbavuni. Kadi ya chama, kitambulisho changu pekee, nilikuwa nimeiacha kwenye suruali nyingine.

"Nani anamjua mtu huyu?"

Wale abiria wa Rulenge, watu niliowapigania asubuhi, wakaitazama barabara. Mzee mmoja aliyekaa karibu na ile pembe ya turubai akasema polepole, "Asubuhi alikuwa mwarimu. Sasa ana tiketi ya gunia. Mimi siwezi kusema." Na sikuwalaumu sana, vita ni vita, nani amdhamini mtu aliyekutwa amejificha? Mgambo akaanza kunifunga mikono kwa kamba, akasema nitapelekwa kambini, na huko, akaongeza, watu hawarudi upesi. Nikaogopa, ndugu zangu. Niliiona harusi yangu inapita.

Hapo nikasikia nyuma yangu sauti ya mwanamke. "Mwanangu, mwachie. Namjua."

"Ni nani wako, mama?"

Mama akavuta kitenge akajifunika uso. Lori zima likaelewa, maana wote tulikuwa wa huku huku, ila mgambo alikuwa mgeni kutoka mbali. "Mama, unamjua au humjui? Taja jina lake. Mtazame useme ni yeye."

Mama akainuka. Akaniambia nigeuke, nikageuka nimefumba macho, akaniambia niyafumbue. Akanitazama usoni, akatamka wazi, mbele ya wote, "Huyu ni Deogratias mwana wa Rusimbi, mwalimu wa Rulenge, anamwoa binti yangu Anastazia." Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa mkono. Kisha mama akamgeukia kondakta. "Na wewe mlipishe nauli ya mtu. Binti yangu haolewi na gunia."

Nililipa. Nililipa nauli nzima ya basi, siyo robo tatu, huku lori limepasuka kwa kicheko, nikashuka nikatembea kilomita zilizobaki ili yeye apate kukaa bila kujifunika, nikafika ofisi imefungwa. Harusini wageni walikunywa chai ya asali, na shangazi yangu alipeleka mbuzi ukweni kwa ajili ya lile jina lililotajwa.

Tangu hapo nalipa kabla sijaulizwa, nakaa mahali ninapoonekana, na habari za kugombea nauli nawaachia wenye tiketi zao mkononi. Mama aliishi miaka mingi baadaye, jirani kabisa na sisi, tukipishana kwa kuingia porini kama inavyotakiwa, na jina langu hakulitaja tena hata siku moja. Alilitaja mara ile tu, nilipokuwa na kamba mikononi.