Ng'ombe wa Udongo wa Mwalimu Melania

Mwalimu Melania hakuwa mtu wa ng'ombe, na balaa lote lilianzia hapo. Baba yake alikuwa mchimbaji kwenye mgodi wa dhahabu huko Geita, na yeye alikulia kambini, ambako maziwa yalinunuliwa kwa chupa. Masista walimsomesha ualimu, kisha mwaka 1951 wakamleta kwetu, nje kidogo ya Mhunze. Alijua kusoma, kushona na kupiga kinanda. Kumtofautisha fahali na maksai ndiko kulikomshinda, na sisi watoto wa darasa la wadogo tulimcheka mpaka machozi.

Shule yetu ilikuwa banda la udongo lenye paa la nyasi. Mwanzoni alitufundisha kama alivyofundishwa yeye: fimbo mkononi, picha ukutani, nasi tunaitikia. Picha moja ilikuwa ya meli. "Meli moja, meli mbili," tuliimba, na Kiswahili chenyewe bado kilikuwa kigeni vinywani mwetu. Mimi nilidhani meli ni ghala la mtama lililolala ubavu.

Nyuma kabisa aliketi Mbuke, binti wa mzee Makoye. Haimbi, haitikii. Asubuhi moja ya mvua Mwalimu alimkuta anafinyanga ng'ombe wa tope miguuni pake. Aliinua fimbo, akaona pembe moja imepindishwa kwa ustadi, akasita.

"Huyu ni nani?"

Mbuke akamtaja kwa rangi yake, kwa Kisukuma. Akamtaja mama yake, ndama zake, na yule aliyekufa kwa ukame. Mtoto tuliyemdhania bubu alihesabu kundi zima bila kukosea, na Mwalimu alikuwa amechuchumaa chini, gauni limeingia topeni, hana habari.

Tangu siku hiyo picha ya meli ilizibia tundu la ukuta. "Mtoto aanze na kilicho kwao," Mwalimu alimwambia Padri kila walipokutana, hadi Padri akachoka kusikia. Kila mmoja wetu alifinyanga kundi la kwao na kulipanga kando ya ukuta, juu ya ngazi ya udongo. Ng'ombe akizaa, tulijumlisha. Fisi akipita, tulitoa. Kiswahili kikaja chenyewe, maana kila mtu alitaka kusimulia habari za zizi lao. Nimekaa madarasa mengi baadaye, na raha ile sijaionja tena.

Sasa, miaka ile serikali ilikuwa inalazimisha watu kupunguza mifugo, ikisema ardhi imechoka. Kila mzee mwenye akili aliwatawanya ng'ombe wake kwa ndugu, wachache huku, wachache kule, na idadi kamili haikutamkwa mbele ya mgeni. Sisi watoto tulishakanywa tusiseme. Kufinyanga hakuna aliyetukataza. Na Mwalimu, mtoto wa kambini, hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Siku moja Ngassa, mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji, alipita na karani wa mifugo, wakaomba maji ya kunywa shuleni. Melania aliwakaribisha ndani kwa furaha. Muda mrefu alikuwa akitamani mtu mkubwa aione kazi yake.

"Hongera, Mwalimu," karani alisema, akipita taratibu mbele ya ngazi ile. "Na hawa waliotengwa pembeni, wa nani?"

"Mwambie mgeni, Mbuke," Mwalimu alisema, uso umemng'aa.

Mbuke alimtazama Mwalimu wake. Alimpenda kuliko alivyowaogopa wageni.

"Wa baba. Wanalala kwa mjomba Bujiku."

Ngassa aliinamisha kichwa. Karani hakuuliza tena.

Wiki haikuisha, ng'ombe wa Makoye wakaswagwa kutoka kwa Bujiku hadi mnadani. Wa jirani yake wakafuata, kisha wa kwetu. Makoye alikuja shuleni, kofia mkononi.

"Shikamoo, Baba Mbuke."

"Marahaba. Mwalimu, nilikuletea mtoto umfundishe kusoma. Umemfanya mpelelezi ndani ya mji wangu."

"Sikujua. Naapa kwa Mungu sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo maana sina hata la kukufanya."

Afadhali angemtukana. Melania alikwenda kwa Ngassa, akaambiwa, "Mimi natumwa tu, mama. Hata wangu wamekwenda." Alikwenda kwa Padri, akaambiwa asali. Alisali. Kisha akamwagia maji ngazi yote ya ng'ombe, akawakanda kwa mikono yake mpaka wakarudi kuwa tope, huku analia waziwazi. Wa kuwaona walikuwa wameshawaona.

Darasa likabaki tupu hadi baada ya mavuno, Padri alipopita nyumba kwa nyumba akibembeleza. Tulirudi wachache, Mbuke akiwamo. Aliketi palepale nyuma. Mwalimu alimwekea donge la udongo laini mbele yake. Hakuligusa.

"Basi tuache ng'ombe," Mwalimu alisema kwa sauti ndogo, akichuchumaa kama siku ile ya mvua. "Tuhesabu kitu kingine. Una vidole vingapi?"

Mbuke aliificha mikono yote miwili mgongoni.

"Sijui, Mwalimu."